Sura ya 7: Charo, Safari ya Nani?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote tangu nianze kufuatilia majina ya watoto wa pwani. Mara huja kutoka kwa kijana aliyezaliwa Mombasa au Nairobi, kwao Mambrui, lakini Kigiriama chake ni cha salamu tu. Mara huja kutoka kwa mama mjamzito ambaye wakwe wameshamwambia mtoto akiwa wa kiume ataitwa nani. Maneno ni yaleyale: "Charo maana yake nini?"

Jibu fupi ni neno moja. Charo, kwa Kigiriama, ni safari.

Kila nikilitoa jibu hilo naona muulizaji hakushiba. Safari, basi? Mtoto wa siku saba, hajavuka hata kizingiti cha nyumba, ataitwaje Safari? Ana haki ya kuuliza tena. Nami nimekuja kuamini kwamba kosa si la jibu. Swali ndilo limeanzia mahali pasipo pake, na sura hii inajaribu kulianzisha upya.

Mto mmoja, neno moja

Mambrui iko kilomita kama 15 kaskazini mwa Malindi. Ukitoka Malindi kwa matatu unavuka daraja la Sabaki, na chini yake unaona maji yenye rangi ya udongo yakielekea baharini. Udongo ule haukutoka Malindi wala Mambrui. Umetoka bara, mbali sana. Mto huohuo, ukiwa juu Ukambani, unaitwa Athi. Ukifika nyika unaitwa Galana. Unapokaribia bahari ndipo unaitwa Sabaki.

Nawaomba wasomaji waupande mto huo kwa mawazo mpaka Ukambani, kisha wamuulize Mkamba safari anaiitaje. Atasema *kyalo*. Neno hilo likitamkwa na Mkamba mwenyewe, mwanzo wake unasikika karibu sana na "cha". Sasa weka kyalo na charo pamoja, ukikumbuka jinsi sauti za l na r zinavyobadilishana katika lugha zetu. Ni neno moja, linalosemwa kwenye ncha mbili za mto mmoja. Wakamba na Wagiriama walijuana kwa biashara ya pembe za ndovu zamani kabla ya reli, na misafara yao ilipita nyika hiyohiyo.

Ukambani nako kuna wavulana wanaoitwa Kyalo, kwa sababu ileile inayowapa jina kina Charo wa Mambrui. Wala hawako peke yao:

- Kwa Wakalenjin kuna Kipruto, mtoto aliyezaliwa wazazi wakiwa safarini au ugenini. Akiwa msichana ni Cheruto.
- Kwa Wajaluo kuna Oyoo, aliyezaliwa njiani. Ndani yake mna neno *yo*, yaani njia. Dada yake ni Ayoo.
- Na kuna Safari mwenyewe, jina la watu Kenya, Tanzania, Rwanda na mashariki ya Kongo.

Majina ya namna hii nayaita majina ya tukio. Jina la tukio halimwombei mtoto tabia fulani, kama Sadiki au Amani. Linasema kilichokuwa kikitokea siku alipozaliwa.

Mtoto huja na habari yake

Pwani tunayaishi majina haya kila siku bila kuyatazama mara mbili. Juma alizaliwa Ijumaa. Khamisi alizaliwa Alhamisi. Ramadhani amebeba mwezi wake. Masika alikuja na mvua. Tabu alikuja wakati mama yake akiwa na tabu ya kuhimili. Hakuna anayedhani kwamba Masika ana unyevunyevu ndani yake, au kwamba Tabu amekusudiwa ateseke. Jina linashika tarehe kwa watu ambao hawakuwa na kalenda ukutani.

Mfano ninaoupenda zaidi si wa mtu. Kaskazini mwa Mambrui, baharini mbele ya Ngomeni, Waitalia walisimamisha jukwaa la kurushia roketi katika miaka ya 1960, linaloitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka pale ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutazama miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wataalamu walikuwa tayari na jina lao la herufi na namba. Lakini siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Chombo kile kimeandikwa katika historia ya sayansi kwa jina hilo hadi leo. Kilizaliwa siku ya Uhuru, kikaitwa Uhuru. Bibi yeyote wa Mambrui angekipa jina hilohilo.

Charo ni wa kundi hili. Wa kwanza kabisa katika ukoo alizaliwa mama akiwa njiani, au baba akiwa hayupo, kaondoka na hajulikani atarudi lini, au siku watu walipohama. Safari ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake.

Safari ya sini na Safari ya swadi

Nisimame kidogo hapa, maana kuna mkanganyiko ambao kila mara unanirudia. Wapo wanaosema Safari ni jina la mwezi: mwezi wa pili wa Kiislamu, unaoitwa Safar kwa Kiarabu, ambao sisi kwa hesabu yetu ya pwani tunauita Mfunguo Tano. Mtoto aliyezaliwa Rajabu ni Rajabu, wanasema, basi aliyezaliwa Safar ni Safari.

Hoja inavutia, ila mtoto yeyote wa madrasa ya Mambrui aliyemaliza alifu na be anaweza kuijibu. Mpe chaki. Mwambie aandike neno la Kiarabu la kusafiri. Ataanza na sini, ile herufi yenye meno matatu madogo. Sasa mwambie aandike jina la mwezi. Ataanza na swadi, ile yenye tumbo lililolala, ambayo mwalimu humfundisha aitamke kwa kujaza mdomo. Ubaoni ni maneno mawili tofauti, yanayotengwa na herufi ya kwanza. Kiswahili ndicho kilichoyapokea yote mawili kwa "s" moja, yakaanza kufanana kama ndugu.

Kwa hiyo Safari, jina la mvulana, ni lile la sini, na kutoka hapo tumepata pia safiri, msafiri, msafara na usafiri.

Neno hili limeondoka nyumbani likaenda mbali. Waingereza walilichukua katika karne ya 19. Theodore Roosevelt alipokuja Kenya kuwinda mwaka 1909, magazeti ya Marekani yalilieneza. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ambayo baadaye yakajulikana kama Safari Rally. Mwaka 1997 ikaja Safaricom, na mwaka 2003 kampuni ya Apple ikaipa programu yake ya kusomea intaneti jina la Safari. Huko nje neno limebana likawa la kwenda kutazama simba. Kwetu halijabana. Kwenda Malindi kununua dawa na kurudi jioni ni safari. Kijana wa Mambrui anayeitwa Safari asikubali kuambiwa kwamba ameitwa jina la watalii.

Jina likirithiwa

Sasa tumefika kwenye kiini, nami nitakaa hapa.

Kwa Wagiriama mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba. Tuseme mtoto alizaliwa safarini mwaka 1914, akaitwa Charo. Akakua, akaoa, akapata mwana, akamwita jina la baba yake yeye. Tuseme ni Kazungu. Kazungu naye alipopata mwana alimwita nani? Charo. Mwana wa Charo huyo wa pili ni Kazungu tena, na mwana wa huyo, ambaye sasa hivi anasoma shule ya msingi pale Mambrui na kupigana na wenzake juu ya mpira wa makaratasi, ni Charo.

Mtoto huyu wa mwisho alizaliwa hospitali. Mama yake hakuwa safarini, baba yake alikuwa hapo nje akisubiri. Ukimwambia "umeitwa Charo kwa sababu ulizaliwa safarini," umemwambia uongo. Ukimwambia "Charo maana yake ni safari," umemwambia ukweli usiomfaa kitu. Ukweli wenyewe ni kwamba ameitwa babu yake, na babu yake aliitwa babu yake, na yule wa mwanzo ndiye mwenye safari.

Kiswahili kina maneno mazuri kwa uhusiano huu: *wajina*, na pia *somo*, yaani mtu ambaye jina lake ni jina lako. Kwa wengi leo wajina ni bahati tu. Umekutana na mtu kazini, kumbe wote ni Salimu. Katika nyumba ya Kigiriama wajina si bahati. Utamsikia baba mtu mzima akimwita mwanawe wa miaka minne, "Baba, njoo ule, chakula kinapoa." Yule mtoto amebeba jina la baba wa huyo anayemwita, na heshima imehamia na jina. Nimemwona mtu akinyanyua mkono kumchapa mtoto, kisha akaushusha, akasema taratibu, "Sitaki kumpiga baba yangu." Mtoto hakuelewa. Sisi wengine tuliokuwa tumekaa barazani tulielewa.

Wazee wanaoshika mila husema pia habari za *koma*, yaani roho za waliotangulia. Koma humjia mtu ndotoni akidai: mbona mmezaa mara mbili na jina langu hamjaliita? Mtoto anayelia usiku na mchana bila ugonjwa kuonekana, huenda ni jina halikumkaa, na watu watakaa kikao wamtafutie lake. Msomaji wa dini nyingine anaweza kutoikubali imani hiyo. Hata hivyo aone inachokisema juu ya jina: kwamba si mali ya mtoto peke yake, wala si ya wazazi wake wachague linalowapendeza masikioni. Lina mwenyewe.

Mtindo huu unasumbua mafomu. Baba ni Kazungu Charo, mwana ni Charo Kazungu. Afisa wa nchi za mbali anadhani kuna kosa, anatafuta jina la ukoo lililo moja kwa baba na mwana, halipo. Hakuna kosa lolote. Majina mawili yanapokezana zamu, kama watu wawili wanaovuta maji kisima kimoja.

Kwa ufupi mpaka hapa

Charo ni safari kwa Kigiriama, na ni ndugu wa kyalo cha Kikamba. Lilianza kama jina la tukio. Baadaye likawa jina la kurithi, na mtoto wa leo halichukui kutoka kwa tukio bali kutoka kwa mtu. Maana ya kamusi inakufikisha mlangoni tu.

Je, Charo akisilimu?

Mambrui ni mji wa misikiti na madrasa, na Wagiriama wengi wa huko ni Waislamu. Waliosilimu wameitwa Mahaji tangu zamani, hata yule ambaye Makka hajaiona. Kwa hiyo swali la pili linalofuata la kwanza ni hili: Mwislamu anaweza kubaki Charo?

Msingi unaofundishwa na masheikh ni kwamba jina lenye maana mbaya, au lenye kumtukuza asiyekuwa Mungu, hubadilishwa. Jina lisilo na ubaya halina haja ya kubadilishwa. Mfano unaotajwa sana ni wa binti wa Omar bin Khattab. Aliitwa Asiya kwa swadi, maana yake muasi, na Mtume akambadilisha akamwita Jamila. Tazama tena zile herufi zetu mbili: Asiya mke wa Firauni, mwanamke anayeheshimiwa mno, jina lake ni la sini, na hilo halina tatizo lolote. Kinachopimwa ni maana, si lugha.

Safari si dhambi. Haji yenyewe ni safari. Basi Charo akisilimu hana cha kuficha.

Hata hivyo familia nyingi huchukua njia ya katikati. Mtoto akifika siku ya saba anafanyiwa akika, yaani anachinjiwa mbuzi na kunyolewa, anaitwa Salimu au Abdallah. Nyumbani kwa bibi yake anaitwa Charo mpaka anaoa. Mimi naiona njia hiyo kuwa ya busara, na nasikitika pale jina la nyumbani linapoachwa life kwa kuonewa haya. Nimekutana na vijana wanaolificha jina la babu yao shuleni kwa sababu mwenzao mmoja aliliita la kishenzi. Aliyelisema neno hilo hakujua analisemea nini. Mtoto akiacha jina la Charo hapotezi silabi mbili tu. Anapoteza mtu.

Safari gani hizo?

Mtu hawezi kukaa Mambrui akaona ajabu kwamba safari imekuwa jina. Mji wenyewe umejengwa na wasafiri. Kuna kaburi la mnara pale, lililopambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mwaka 2010 wanaakiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Peking, wakifanya kazi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimbua Mambrui sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Ni enzi hiyohiyo ambapo twiga kutoka Malindi alifikishwa China, mwaka 1415. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na kati ya pepo hizo mbili wanawake walijifungua waume zao wakiwa baharini.

Upande wa Wagiriama safari nyingine zilikuwa za uchungu. Mwaka 1913 Mnyazi wa Menza alisimama kuwapinga Waingereza waliotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba yao. Sisi tunamjua kwa jina la Mekatilili, na hebu tazama jina hilo: *Me* ni mama, na Katilili ni mwanawe. Mwanamke maarufu kuliko wote wa pwani anajulikana kwa jina la mvulana wake. Alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na mwenzake katika upinzani huo, Wanje wa Mwadorikola. Mapema mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu mamia ya kilomita mpaka nyumbani. Leo sanamu yake iko Malindi.

Mwaka huohuo wa 1914 Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, na Wagiriama waliokuwa wakiishi ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wakaamriwa wahame, wavuke kwenda kusini. Ng'ambo hiyo ndiyo iliko Mambrui. Nyumba zilichomwa. Watu walivuka na watoto, na mbuzi, na mbegu walizoweza kubeba. Ukipiga hesabu ya Charo yule niliyesema alizaliwa 1914, utaona kwa nini niliuchagua mwaka huo.

Namna ya kuuliza

Ukituma pesa kwa M-Pesa, ujumbe unakurudia na majina ya mpokeaji. Siku moja nilimlipa mwenye tuktuk aliyenivusha Sabaki, nikasoma kwenye kioo cha simu: Charo, kisha jina la baba, kisha Charo tena. Nikamwambia, "Kumbe wewe ni babu yako." Akacheka, akasema, "Ndiye mimi." Nikamuuliza yule babu alikuwa akienda wapi. Akanyamaza. Akasema hajawahi kuuliza, ila shangazi yake mkubwa yuko hai, yuko Mambrui, na bado ana kumbukumbu.

Basi nawashauri wenye jina hili, na wazazi wanaotaka kulitoa, wamwendee shangazi huyo, kila ukoo na wake. Msimuulize jina lina maana gani. Atawajibu "safari" na mazungumzo yataisha. Muulizeni Charo wa kwanza alizaliwa wapi. Walikuwa wanatoka wapi, wanakwenda wapi. Nani alimpokea mtoto, na walilala kwa nani usiku ule. Mto ulikuwa umejaa au la. Mpeni muda, kwa sababu wazee huanza kwa kusema wamesahau.

Kisha chukueni kijitabu cha kliniki cha mtoto, kile chenye kuandikwa uzito na chanjo. Tafuteni ndani yake nafasi tupu. Andikeni hapo kwa kalamu ya wino: Charo, kutoka mahali fulani, kwenda mahali fulani, mwaka fulani, na jina la mama aliyekuwa amebeba mimba njiani.